Diski Haitelezi: Maelezo juu ya Maradhi ya Mgongo na Tiba Yake ya Viungo

Huenda msomaji akashangaa kuona katika jarida la lugha makala juu ya maradhi ya mgongo. Sababu yake ni hii. Yako maradhi ambayo jina lake halina madhara: mwenye surua hapati nafuu wala hazidiwi kwa kuwa ugonjwa wake umeitwa surua. Lakini yako mengine ambayo jina humwongoza mgonjwa katika mwenendo wake wote, likamwambia alale au atembee, likampeleka kwa mganga huyu au yule. Maradhi ya diski ya mgongo ni ya namna hiyo. Jina lililoenea mijini mwetu, katika vinywa vya wagonjwa na hata vya baadhi ya matabibu, ni "diski imeteleza", au "diski imehama", au kwa mkato "ana diski". Majina hayo yametokana na Kiingereza, nayo hayasemi kweli. Nakusudia katika makala haya kueleza ni kitu gani hasa kinachotokea katika mgongo wa mgonjwa, na jinsi tiba ya viungo, ambayo hospitalini huitwa fiziotherapia, inavyoyatibu maradhi hayo. Na papo hapo nionyeshe mahali ambapo maneno yetu humsaidia mtabibu, na mahali yanapomtega. Mimi ni mtu wa elimu ya lugha, si tabibu. Habari za tiba nilizoziandika ni zile zilizokwisha kuchapishwa na kukubaliwa na wenye fani yao. Hukumu juu ya maneno ni yangu.

Tuanze na mgongo wenyewe. Mifupa yake ni 33: saba ya shingo, 12 ya kifua, mitano ya kiuno, mitano iliyoungana ikawa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na minne midogo ya kifandugu, ambacho wengine hukiita kitokono. Mfupa mmoja mmoja huitwa pingili, neno lililochukuliwa kutoka kwa muwa na mwanzi. Ni neno zuri, kwani lamwonyesha msikilizaji mara moja kitu kirefu kilichogawanyika vipande vipande. Hata hivyo mfano wa muwa una kasoro moja. Katika muwa, pingili ndiyo sehemu itafunwayo, na fundo litengalo pingili mbili ndilo gumu. Katika mgongo mambo ni kinyume: pingili ni mfupa, na kile kikaacho kati ya pingili mbili ndicho kilicho laini. Hicho ndicho diski. Diski zote ni 23, kwa kuwa hapana diski kati ya fuvu na pingili ya kwanza, wala kati ya pingili ya kwanza na ya pili.

Jina "uti wa mgongo" nalo lahitaji kuangaliwa. Uti ni shina au mpini wa kitu, na wazee husema pia "uti wa maungo", yaani shina la viungo vilivyoungana. Hapo maana ni mifupa, wala hapana utata. Lakini siku hizi jina hilo hilo hutumika kwa ugwe wa neva upitao ndani ya mfereji wa mifupa hiyo, na tena limo katika "homa ya uti wa mgongo", ambayo ni ugonjwa wa utando uufunikao ubongo na ugwe huo. Basi mgonjwa akiambiwa na daktari kwamba "uti wako wa mgongo una tatizo", hana njia ya kujua kama limetajwa jambo la mfupa, la neva, au la ile homa iuayo watu. Nimesikia watu wakitoka chumba cha daktari na hofu ya kupooza, hali waliyoambiwa ni habari ya kuchakaa kwa diski moja. Ningependa jina "uti wa mgongo" libaki kwa mifupa peke yake, na ule ugwe uitwe ugwe wa neva. Neno "mshipa" silipendekezi hapa hata kidogo, maana mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni ukano, na katika mazungumzo ya wanaume ni ugonjwa mwingine kabisa.

Diski ina sehemu mbili. Nje ni ukingo wa nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kiasi cha tabaka 15 hadi 25, kama maganda ya kitunguu. Na nyuzi za tabaka moja zimelala mshazari upande huu, za tabaka lifuatalo upande ule, zikapishana kama miyaa ya mkeka. Ndani ni kiini chenye ute, ambacho katika ujana maji yake hufika asilimia 80 na kuzidi. Miaka ipitapo maji hupungua, kama vile dafu liendavyo kuwa koroma na koroma kuwa nazi, ila kiini cha diski hakifiki ugumu wa nazi. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu isipokuwa kidogo sana ukingoni; chakula chake hupenya polepole kutoka katika mifupa iliyo juu na chini yake. Mchana, mtu asimamapo na kuketi, maji hukamuliwa nje, na usiku alalapo hurudi. Ndiyo maana mtu mzima huwa mfupi jioni kuliko asubuhi kwa kiasi cha sentimita moja au zaidi. Kwa hiyo kubanwa na kuachiwa si adui wa diski. Ni sehemu ya maisha yake, na jambo hili litatufaa tutakapofika kwenye tiba.

Sasa, kitu kilichojengwa hivi chaweza kuteleza? Hakiwezi. Diski haikuwekwa kati ya pingili kama sahani iliyopangwa juu ya sahani. Nyuzi zake za nje zimejikita katika mfupa wenyewe juu na chini, na kiini kimefungiwa humo. Kinachotokea ni kwamba ukingo huchakaa na kupata nyufa, kwa umri, kwa kazi, na zaidi kwa asili ya mtu. Uchunguzi uliofanywa kwa mapacha nchini Finland umeonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa katika kuchakaa kwa diski kuliko uzito ambao mtu ameuinua maishani. Kisha siku moja, pengine kwa kuokota kitu kidogo tu, kiini husukumwa katika ufa, nacho kikatokeza nyuma na kando, mahali zipitapo shina za neva ziendazo mguuni. Karibu mara 95 katika 100 jambo hili, likitokea kiunoni, hutokea katika diski mbili za chini kabisa. Neva hubanwa, na tena, kiini kinapotoka nje ya ukingo, mwili hukiona kuwa ni kitu kigeni, ukaanza kupigana nacho, na mapigano hayo huiwasha neva hata pale ambapo kubanwa ni kidogo. Ndipo maumivu yateremkapo matakoni, nyuma ya paja, hata wayoni.

Maumivu hayo ya mguu yalijulikana zamani. Domenico Cotugno wa Naples aliandika kitabu mwaka 1764 akionyesha kwamba yapo maumivu ya nyonga yatokayo kwenye neva, mbali na yale ya kiungo. Lakini kwamba diski ndiyo iyaletayo halikuthibitika mpaka William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipochapisha makala yao mwaka 1934. Kabla ya hapo madaktari wa upasuaji walikuwa wakiondoa vipande hivyo wakidhani ni uvimbe wa gegedu uliojiotea wenyewe. Habari zilipoenea, kila lugha ikatafuta jina. Kiingereza cha watu wa kawaida kikachagua kuteleza. Kiarabu nacho kina "inzilaq ghudhrufi", yaani mtelezo wa gegedu, jina ambalo Waswahili walioko Oman hulisikia hospitalini. Kijerumani husema "Bandscheibenvorfall", na "Vorfall" ni kuangukia mbele. Kifaransa husema "hernie discale", ambalo kwa kulifuata neno kwa neno lingekuwa "ngiri ya diski". Kwa upande wa maana, Mfaransa amekaribia kweli kuliko wenzake, maana ngiri ni kitu cha ndani kilichopenya ukuta wake. Walakini jina hilo halitufai sisi. Ngiri kwa Kiswahili imekwisha kushikana na habari za nguvu za kiume. Wauza dawa wa mitaani huzitaja ngiri, kiuno na udhaifu wa mume kwa pumzi moja. Mwanamume akiambiwa hospitalini kwamba ana ngiri ya diski ataficha barua ya daktari hata mkewe asiione, na dawa ataitafuta pengine.

Wataalamu wa magharibi wenyewe walichoshwa na fujo ya majina. Mwaka 2001 vyama vitatu vya Marekani, kimoja cha madaktari wa mgongo na viwili vya wasomaji wa picha za ndani ya mwili, vilitoa mapatano juu ya istilahi, na mwaka 2014 vikayasahihisha. Katika mapatano hayo habari ya kuteleza haikupewa nafasi. Zimetengwa hali nne. Ya kwanza ni diski iliyotanuka kwa sehemu kubwa ya mzingo wake, na hii haihesabiwi kuwa ni kutokeza kwa kiini. Ya pili ni ile iliyotokeza mahali pamoja, shina lake likiwa pana kuliko ncha. Ya tatu ni ile iliyopenya nje, ncha ikawa pana kuliko shina. Ya nne ni pale kipande kilipokatika kikaachana na diski. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa hali zote nne, bila kuazima hata kimoja: diski hutanuka, hubenuka, huchomoza, humeguka. Kubenuka ni neno lenye nguvu sana hapa, kwa sababu mtu abenuaye kifua hakitoi kifua mahali pake; hukitokeza tu, na kifua ni kile kile.

Msomaji wa sarufi ataona kwa nini nimeepuka "kuteguka", neno ambalo wagonjwa wengi hulitumia. Kiungo kilichoteguka kimetoka katika tundu lake, na katika Kiswahili kiungo cha namna hiyo hakitibiwi, bali hurudishwa. Bega hurudishwa, kifundo hurudishwa. Ndivyo ilivyo pia kwa kilichoteleza na kilichohama: vyote vina mahali vilipotoka, na akili ya msemaji hutaka vipelekwe huko. Basi mgonjwa huanza kumtafuta mtu wa kurudisha. Atakandwa, atavutwa miguu, atakanyagwa mgongo na kijana mwenye uzito, na kila asikiapo mlio wa kiungo ataamini kwamba diski imerudi. Maumivu yakija tena, ataamini imetoka tena. Sisemi kwamba kukanda ni kubaya. Mkandaji mzuri, mwenye mikono myepesi na mafuta ya uvuguvugu, hulegeza misuli iliyokaza, na mgonjwa hupata usingizi. Lakini kumkunja na kumsokota kwa nguvu mtu ambaye mguu wake umekufa ganzi ni hatari, na watu hufanya hivyo kwa sababu tu ya kitenzi walichopewa.

Liko jambo jingine ambalo jina la kuteleza hulificha. Katika mwaka 1994 ilichapishwa habari ya watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ambao walipigwa picha za MRI. Asilimia 52 walikuwa na diski angalau moja iliyotanuka, na asilimia 27 walikuwa na iliyobenuka. Mwenye kuchomoza alikuwa asilimia moja. Majumuisho ya mwaka 2015, yaliyokusanya watu 3,110 wasio na maumivu, yalionyesha kwamba hata katika umri wa miaka 20 kiasi cha asilimia 37 wana dalili za kuchakaa kwa diski, na katika umri wa miaka 80 ni asilimia 96. Kwa hiyo picha peke yake haimhukumu mtu. Haina budi kukubaliana na maumivu, na maumivu na ile neva hasa ibanwayo. Ajabu zaidi ni kwamba kipande kikubwa kilichotoka ndicho kiyeyukacho upesi, kwa kuwa mwili hukila. Hesabu nyingine ya mwaka 2015 ilionyesha kupungua kwenyewe kwa asilimia 96 ya vipande vilivyomeguka, asilimia 70 ya vilivyochomoza, asilimia 41 ya vilivyobenuka, na asilimia 13 tu ya diski zilizotanuka. Mgonjwa aonyeshwaye picha ya kipande kikubwa angefaa kuambiwa habari hii kabla hajatoka mlangoni.

Sasa tumfuate mgonjwa kwa mtabibu wa viungo. Kazi ya kwanza ni kuuliza, na hapa lugha ndiyo chombo. Kiswahili ni tajiri mno katika habari ya maumivu. Mtu huumwa, huwangwa (si kule kuwanga kwa wachawi), huwashwa, huchomwa, hupwita, hukakamaa, husokotwa, hufa ganzi, hupata vichomi. Tofauti hizi si pambo. Mwenye misuli iliyokaza husema mgongo umekakamaa au unamwanga. Mwenye neva iliyobanwa husema mguu unamwaka moto, au anapigwa kama na shoti ya umeme, au sisimizi wanamtambaa, au vidole vimekufa ganzi. Mtabibu asikilizaye vitenzi hupata nusu ya uchunguzi wake bila kugusa mwili. Mwenye kujaza fomu iliyofasiriwa, inayouliza tu "maumivu ni makali au ya wastani", ameutupa utajiri huo nje ya dirisha.

Lakini lugha hiyo hiyo ina mitego. "Mguu" kwetu ni kuanzia pajani hata kidoleni, kama vile "mkono" ulivyo kuanzia begani. Tofauti iliyo kubwa kwa mtabibu ni kama maumivu yanaishia pajani au yanapita goti. Yapitayo goti yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya neva. Kwa hiyo "mguu waniuma" ni jibu pungufu, na mgonjwa aambiwe aonyeshe kwa kidole yaanzapo na yaishiapo. Maumivu yafikayo mgongoni mwa wayo na kidole gumba mara nyingi ni ya neva ya tano ya kiuno, na yafikayo ukingo wa nje wa wayo ni ya neva iliyo chini yake. "Kiuno" nacho ni neno lenye haya. Wako wanaume wazee ambao hawatalitamka mbele ya msichana aliyevaa koti jeupe, nao watasema "mgongo" hata kama maumivu yako chini kabisa.

Baada ya maswali huja vipimo. Mgonjwa hulazwa chali, mguu ukainuliwa ukiwa umenyooka. Maumivu yakiteremka chini ya goti kabla mguu haujafika digrii 70, neva inashukiwa. Kipimo hiki kina jina la Mfaransa Lasègue, ingawa Laza Lazarević wa Belgrade alikieleza mwaka 1880, mwaka mmoja kabla ya mwanafunzi wa Lasègue. Kisha mgonjwa huambiwa atembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole, ili nguvu ya misuli ionekane. Goti na ukano wa kisigino hugongwa kwa nyundo ndogo. Ngozi huguswa kwa pamba. Vyote hivi havichukui nusu saa, wala havihitaji mashine.

Tiba yenyewe huanza na maneno, na neno la kwanza ni gumu kulisema vizuri kwa Kiswahili. Zamani wagonjwa hawa walilazwa kitandani majuma mengi. Mwaka 1999 ilichapishwa habari kutoka Uholanzi ya wagonjwa 183 wenye maumivu ya neva ya mguu. Nusu walilazwa siku 14, nusu waliendelea na shughuli zao kwa kadiri walivyoweza. Baada ya majuma mawili waliopata nafuu ni asilimia 70 kwa waliolala na 65 kwa wasiolala, tofauti ambayo kwa hesabu si kitu. Na baada ya majuma 12 pande zote mbili zilikuwa asilimia 87. Kwa hiyo kulala hakukuleta faida, na kulala sana hudhoofisha misuli na kuinyima diski ule mwendo uilishao. Mtabibu hutaka mgonjwa aendelee kutembea. Sasa asemeje? Akisema "pumzika", mgonjwa atalala. Akisema "nenda ukanyooshe mgongo", akikusudia zoezi la kunyoosha, ameharibu kabisa, kwa maana kunyoosha mgongo kwa Kiswahili ni kujilaza. Na akisema "fanya mazoezi", mama wa miaka 55 atafikiri habari za mpira na vyuma, atacheka, na hatafanya. Afadhali aseme mambo yenyewe: "Mama, tembea kutoka hapa hadi msikitini na kurudi, asubuhi na jioni. Ukiketi nusu saa, inuka. Usilale mchana kutwa."

Katika mazoezi ya mgongo lipo moja lililopata sifa kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mmoja alale kifudifudi kitandani amngoje. Upande mmoja wa kitanda ulikuwa umeachwa umeinuliwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na yule bwana akalala hivyo hivyo, mgongo umepindika kwa nyuma, namna ambayo wakati ule ilidhaniwa kuwa ya hatari. McKenzie aliporudi baada ya dakika chache, alimkuta mtu anasema kwamba mguu wake haujapata nafuu kama ile kwa majuma. Kutokana na hayo alijenga njia yake ya kuchunguza: mgongo hupindwa mara nyingi upande mmoja, kisha mwingine, na mtabibu huangalia maumivu yanakwenda wapi. Yakiacha mguu na kukusanyika kiunoni, upande huo ndio wa dawa, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi kwa muda. Yakiteremka kuelekea wayoni, upande huo uachwe.

Hapa upo mtego ambao sijaona mtu akiutaja. Mtabibu atakaye kujua kama maumivu yamepanda kutoka mguuni kwenda kiunoni, jambo ambalo ni heri, akiuliza "Je, yamepanda?", mgonjwa husikia "yamezidi", kama vile homa ipandavyo na bei ipandavyo. Hujibu "hapana, yameshuka", akikusudia kwamba yamepungua, na mtabibu huandika kwamba yameteremka mguuni. Kila mmoja amesema Kiswahili fasaha, na tiba imegeuzwa kinyume. Viacheni vitenzi hivi viwili. Aulizwe: "Yako wapi sasa? Bado yamo mguuni, au yamerudi kiunoni?"

Kwa wagonjwa wengi upande wa dawa huwa ni wa nyuma. Mgonjwa hulala kifudifudi kwa dakika chache. Kisha huegemea viwiko. Kisha husukuma sakafu kwa viganja akauinua mwili wa juu, nyonga zikibaki chini zimelegea, kama mara kumi, akarudia mara kadhaa kwa siku. Si wote. Wako ambao kupinda nyuma huwazidishia ganzi, nao hutafutiwa upande mwingine. Moto wa neva ukipoa, huongezwa mazoezi ya misuli ya tumbo, mgongo na matako, na mengine ya kuifanya neva iteleze taratibu katika njia yake kama kamba katika kapi (hapa kuteleza kuna haki yake). Uzito wa kuinua hurudishwa kidogo kidogo. Wagonjwa walio wengi huwa wamepata nafuu kubwa kati ya majuma sita na 12.

Vitabu vidogo vya mashauri ambavyo wagonjwa hupewa vimeandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Vinasema habari za kiti na meza. Lakini mama wa pwani ainamaye zaidi si wa kitini: yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, magoti juu, mgongo umekunjika, au ameshika fagio la chelewa lisilofika kiunoni, au jembe la mpini mfupi. Huko ndiko mtabibu apeleke mashauri yake. Fagio lifungiwe mti mrefu. Ndoo ijazwe nusu na safari ziwe mbili. Katikati ya tuta la kulima mtu asimame, ashike kiuno, ajipinde nyuma mara tano. Na wala asitishwe kwamba kuinama kutamvunja. Nachemson wa Sweden alipopima mbano ndani ya diski za watu hai katika miaka ya 1960, aliona kuketi kunaubana mgongo kuliko kusimama, na waalimu wengi wakajenga amri kali juu yake. Vipimo vilivyofanywa Ulm, Ujerumani, mwaka 1999 havikukubaliana naye katika jambo hilo. Kubaya ni kukaa namna moja kwa muda mrefu, iwe namna yoyote.

Upasuaji una mahali pake. Waholanzi walichapisha mwaka 2007 habari ya wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya majuma sita hadi 12. Waliopangiwa kupasuliwa mapema walipona upesi zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, pande zote mbili zilikuwa zimefika asilimia 95 ya waliopona. Katika wale waliopangiwa kungoja, asilimia 39 walipasuliwa baadaye. Basi ni shauri la mgonjwa na hali yake, ila mguu ukizidi kulegea siku hata siku, kungoja si busara.

Na iko hali moja isiyongoja kabisa. Chini ya kiuno ugwe wa neva umekwisha kugawanyika kuwa nyuzi nyingi ziitwazo mkia wa farasi, na miongoni mwake zimo zile zitawalazo kibofu, njia ya haja kubwa na ngozi ya sehemu ikaliayo tandiko. Kipande kikubwa kikizibana zote, mgonjwa asipopasuliwa upesi aweza kubaki na udhaifu huo maisha yake yote. Dalili ni lazima ziulizwe, nazo ndizo zisizoulizika kwa urahisi. Kijana wa miaka 25 amwulize bibi wa miaka 70, aliye sawa na mama yake mzazi, kama hasikii kitu sehemu za siri! Mara nyingi huuliza kwa kuzunguka, "Haja zinakwenda salama, bibi?", naye hujibu kwa adabu, "Salama, mwanangu, alhamdulillahi", kama vile ajibuvyo salamu, na kwa kweli ameulizwa salamu. Swali lenye sura ya salamu hupata jibu la salamu. Heshima haikatazi uwazi, ikiwa njia imetengenezwa. Aliyemsindikiza atolewe nje, au aitwe mtabibu wa kike. Kwanza itajwe sababu: "Shikamoo bibi. Nitakuuliza mambo ya ndani, uniwie radhi, kwa kuwa neva za kiuno ndizo ziendazo huko." Kisha maswali yawe ya mambo yaliyotukia, si ya hali: "Tangu kiuno kianze, umewahi kutaka kwenda haja ndogo ikakataa kutoka? Imewahi kukutoka bila wewe kujua? Unapojitawadha, mkono wako unausikia mwilini kama zamani, au kuna mahali pamekufa ganzi? Miguu yote miwili imelegea?" Akijibu kwamba lipo hata moja katika hayo, mazoezi na yasimame, wala asipangiwe siku nyingine, apelekwe siku ile ile kwenye hospitali yenye MRI na daktari wa kupasua mgongo.